Siku ya Arobaini na Moja ya Mwizi

ZA mwizi ni arobaini. Msemo huu tumeusikia tangu utotoni, na kila mtu anaponaswa na mali ya wenyewe ndio tunaomtupia, kisha tunakwenda zetu tukiwa tumeridhika. Lakini wahenga waliotuachia msemo huu hawakutuambia siku ya arobaini na moja inakuwaje. Mwizi akishakamatwa, akahukumiwa, akala chakula cha jela hadi miaka yake ikatimia, akafunguliwa lango asubuhi moja akiwa na nguo zake mfukoni, siku hiyo ni ya nani?

Swali hili lilinijia wiki iliyopita baada ya kutazama sinema bubu iliyotengenezwa Marekani mwaka 1915. Inaitwa Alias Jimmy Valentine, yaani mtu ajiitaye Jimmy Valentine. Ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na waliocheza ndani yake wote wamekwisha kuwa udongo. Haina sauti. Watu wanafumbua vinywa na husikii kitu. Kisha maneno machache yanatokea yameandikwa, unayasoma, na picha inaendelea.

Niliitazama nyumbani kwa jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya magereza. Mtaani kwetu kila mtu humwita Afande, hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuvua magwanda. Nilikwenda na kompyuta ya binti yangu, tukaiweka juu ya meza kati ya vikombe vya chai. Nilidhani mzee atasinzia. Hakusinzia hata kidogo, na aliyoyasema mwishoni ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Hadithi ilivyoanza

Kabla haijawa sinema, ilikuwa hadithi fupi ya kurasa chache tu. Iliandikwa na O. Henry, ikachapishwa mwaka 1903 katika gazeti la Cosmopolitan. Humo Jimmy Valentine ni fundi wa kuvunja masefu. Anatoka jela kwa msamaha wa gavana, na bila kupoteza wakati anauendea mkoba wake wa vyombo, vyombo vya chuma safi, vingine alivyovibuni mwenyewe. Muda si muda masefu yanaanza kufunguka hapa na pale, na askari kanzu aitwaye Ben Price anaitambua kazi ya mkono wake.

Siku moja Jimmy anafika katika mji mdogo wa jimbo la Arkansas, nia yake ni benki ya pale. Barabarani anakutana uso kwa uso na msichana, kumbe ni binti wa mwenye benki. Basi hapo ndipo mambo yanapogeuka. Jimmy anajipa jina jingine, anafungua duka la viatu, na kwa mwaka mzima anauza viatu kwa haki. Watu wa mji wanampenda, na yule binti anamkubali.

Kisha linakuja jambo lenyewe. Benki imenunua sefu mpya kubwa kama chumba, mlango wake una kitasa kinachokwenda kwa saa. Familia nzima inakwenda kuitazama. Watoto wawili wanacheza. Mmoja anamfungia mwenzake ndani na kuzungusha kitasa. Kitasa kilikuwa hakijategwa, wala saa haijajazwa, kwa hiyo hakuna awezaye kufungua. Hewa ndani ni kidogo na mtoto analia kwa hofu. Jimmy siku hiyo ana mkoba wake mkononi, kwa sababu alikuwa njiani kwenda kumpa rafiki yake ili asiuone tena maishani. Na askari kanzu Ben Price amesimama mlangoni, akitazama.

Jimmy anaufungua mkoba mbele ya mchumba wake, mbele ya baba mkwe, mbele ya kila mtu. Anajua kwamba kila tundu analotoboa mlangoni linatoboa pia jina lake jipya. Baada ya dakika kumi mtoto yuko mikononi mwa mamaye. Jimmy anavaa koti, anamwendea askari kanzu na kujitoa mwenyewe. Askari anajifanya hamjui, anageuka na kwenda zake.

Hadithi ndiyo hiyo. Ilipendwa mno, hata mwaka 1910 Paul Armstrong akaigeuza mchezo wa jukwaani mjini New York. O. Henry, ambaye pesa zilikuwa hazikai mkononi mwake, alikuwa ameuza haki yake kwa dola 500 tu, na wengine wakavuna mali. Mwezi wa Juni mwaka huo huo akafariki. Sinema hakuiona.

Kamera darini

Sinema iliongozwa na Maurice Tourneur, Mfaransa ambaye katika ujana wake aliwahi kumsaidia kazi yule mchongaji mashuhuri Rodin. Alihamia Marekani mwaka 1914 na kufanya kazi katika mji wa Fort Lee, jimbo la New Jersey, mahali palipokuwa kitovu cha sinema kabla Hollywood haijashika hatamu. Jicho lake lilikuwa la mtu aliyezoea kutazama sanamu na michoro, na katika picha hii linaonekana.

Kuna mahali pa wizi wa benki ambapo kamera imewekwa juu kabisa, mahali pa dari. Nyumba haina paa. Vyumba vyote vinaonekana kwa pamoja kama visanduku vilivyopangwa. Unawaona wezi wakinyata katika chumba kimoja, na wakati huo huo unamwona mlinzi katika chumba kingine. Yeye hawaoni, wao hawamwoni, ila wewe unawaona wote. Leo jambo hili ni la kawaida. Mwaka 1915, wakati sinema nyingi zilipigwa kama mtu aliyekaa kitini mbele ya jukwaa, lilikuwa jambo jipya. Afande alisogeza kiti. "Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiwatazama wafungwa kutoka mnarani," akasema.

Robert Warwick ndiye aliyecheza Jimmy. Tofauti na hadithi, huyu anaishi maisha mawili: mchana ni Lee Randall, bwana wa heshima mwenye suti, usiku ni Jimmy Valentine. Safarini kwa gari la moshi mwizi mwenzake anamsumbua msichana mmoja, Jimmy anaingilia kati, wanapigana, na yule mwenzake anaanguka kutoka garini. Kabla ya kufa anamtaja Jimmy kwa askari kanzu, ambaye katika sinema anaitwa Doyle. Jimmy anafungwa Sing Sing. Msichana yule, Rose, baba yake ni mkubwa serikalini. Anapozuru jela pamoja na baba yake anamtambua aliyemwokoa, na kwa njia hiyo Jimmy anapata kutoka. Baadaye anapewa kazi katika benki, na pesa za watu anazishika kwa uaminifu.

Picha za jela zilipigwa Sing Sing yenyewe, kando ya mto Hudson. Hizo si mbao zilizopakwa rangi ya mawe, ni mawe. Ilikuwa pia wakati wa pekee katika jela hiyo, kwani Desemba 1914 ilikuwa imepata mkuu mpya, Thomas Mott Osborne. Mtu huyu mwaka 1913 alijifungisha kwa hiari yake wiki nzima katika jela ya Auburn ili aonje mwenyewe maisha ya mfungwa, kisha akaanza kusema kwamba jela inayomvunja mtu haimtengenezi. Picha za sinema hii zilipotoka Februari 1915, magazeti ya New York yalikuwa yakibishana juu ya jambo hilo hilo.

Vidole

Mwisho wa sinema unafuata hadithi, isipokuwa jambo moja, na jambo hilo ni kubwa. Mtoto aliyefungiwa ni mdogo wake Rose. Doyle amemfuata Jimmy kwa kesi ya zamani. Jimmy amekana, na karibu afaulu kumpumbaza. Kisha anaitwa sefuni. Lakini huyu hana mkoba wa vyombo. Kekee hana, tindo hana. Ana vidole vyake tu. Anauzungusha mduara wa kitasa polepole, akihisi kwa ncha za vidole chuma kinapoanguka mahali pake ndani ya mlango.

Kwa sinema isiyo na sauti, hapo ndipo palipo utamu wake. Katika sinema ya leo tungesikia kitasa kikilia na muziki ukitupandisha roho. Hapa hakuna. Tunatazama uso wa mtu anayesikiliza kwa mkono wake. Na nyuma yake Doyle anatazama mkono huo huo, akijua kwamba sasa ushahidi anao. Mlango unafunguka, mtoto anatolewa, na askari kanzu anaondoka mikono mitupu.

Vidole hivyo vilitoka wapi, ikiwa hadithi ilikuwa na mkoba? Hapa, msomaji, ndipo tunapomfikia mwandishi mwenyewe.

Mfungwa nambari 30664

Watu waliojaa katika kumbi za sinema mwaka 1915 hawakujua kwamba mwandishi wa kisa kile alikuwa mfungwa. Jina lake halisi lilikuwa William Sydney Porter. Alikuwa keshia wa benki mjini Austin, Texas, na hesabu zilipopungua akashtakiwa. Mwaka 1896 alitorokea Honduras. Mwaka uliofuata akarudi kwa sababu mkewe, Athol, alikuwa mahututi. Mke akafa Julai 1897. Mwaka 1898 Porter alihukumiwa miaka mitano kwa dola 854 na senti 8. Aliifanya mitatu na miezi kadhaa katika jela ya jimbo la Ohio mjini Columbus, mfungwa nambari 30664, akifanya kazi katika chumba cha dawa. Alitoka Julai 1901 kwa sababu ya mwenendo mwema. Binti yake mdogo, Margaret, aliambiwa kwamba baba amesafiri kikazi.

Tangu siku hiyo hadi kufa kwake akawa O. Henry, akiificha jela kama Jimmy alivyoificha dukani mwa viatu. Siri ilitoka hadharani mwaka 1916, wasifu wake ulipochapishwa na C. Alphonso Smith. Yeye alikuwa amekufa miaka sita, na sinema ilikuwa imeonyeshwa mwaka mzima.

Mwaka 1921 kikatoka kitabu kingine, cha mtu aitwaye Al Jennings. Huyu alikuwa mnyang'anyi wa magari ya moshi, na alifungwa na Porter jela moja. Jennings alipenda kutia chumvi, kwa hiyo maneno yake tuyapokee kwa mkono mmoja. Lakini anasimulia hivi. Katika jela ile kulikuwa na mfungwa, Dick Price, aliyefungwa maisha chini ya sheria ya wahalifu sugu. Mtu wa namna hiyo alinyimwa hata barua. Siku moja wakubwa walihitaji karatasi zilizokuwa katika sefu mjini, na hakuna aliyeweza kuifungua. Wakamwendea Price, wakamwahidi kwamba akiifungua atapewa msamaha. Price akachukua tupa, akazisaga kucha zake hadi nyama ikawa wazi, akaenda, akahisi kitasa kwa vidole vile vyenye maumivu, na sefu ikafunguka.

Msamaha hakupewa. Gavana alikataa. Price alifia jelani kwa kifua kikuu.

Jennings anasema kwamba Jimmy Valentine alizaliwa kutokana na Dick Price. Ikiwa ni hivyo, tazama alichokifanya O. Henry. Mfungwa wa kweli aliifungua sefu akanyimwa msamaha. Wa hadithini aliifungua sefu akasamehewa. Na yule askari kanzu mwenye kusamehe, katika hadithi ya mwaka 1903, anaitwa Ben Price. Labda ni bahati tu. Mimi naona mwandishi alilichukua jina la mtu aliyenyimwa huruma akampa mtu aliyekuwa na uwezo wa kuitoa.

Afande atoa hukumu

Sinema ilipokwisha nilimweleza mzee habari hizi zote. Alikaa kimya, akajimiminia chai nyingine.

"Kijana wangu," akaniambia, ingawa mvi zangu zinakaribia zake, "huyo askari kanzu amekosea. Si kazi yake kusamehe. Yeye kazi yake ni kukamata. Kila askari akianza kuchagua wa kumwacha, kesho atamwacha mwenye pesa."

Nikamwambia, "Lakini Mzee, mtu amemwokoa mtoto."

"Hapo ndipo mnapodanganywa na sinema," akasema. "Nimewafungulia lango watu wengi. Asubuhi na mapema, mtu na mfuko wake. Wengine walinipa mkono wakaniuliza, 'Afande, sasa niende wapi?' Kijijini shamba limegawanywa. Mke ameolewa. Kazini anaulizwa hati ya polisi ya mwenendo mwema, na ya kwake haiwezi kuwa safi. Sasa niambie, hao wote watapata wapi mtoto wa tajiri aliyefungiwa ndani ya sefu, ili wamwokoe na sisi tuwaamini?"

Nilikosa jibu, na hata sasa ninapoandika sina jibu la kumtosha. Maana mzee amegusa mahali panapouma katika hadithi hii tamu. Jimmy aliuza viatu kwa haki mwaka mzima. Wa sinemani alihesabu pesa za benki asiibe hata senti. Kwa nini hayo hayakutosha? Kwa nini tulihitaji mtoto akaribie kufa ndipo askari, na sisi watazamaji pamoja naye, tukubali kwamba mtu amebadilika? Na Dick Price alitimiza hata hilo sharti la ajabu, akaifungua sefu kwa vidole vinavyovuja damu, na bado lango halikufunguliwa.

Sisemi kwamba sheria ilegezwe. Aliyeibiwa ana haki yake, na mimi mwenyewe nimeibiwa nikajua uchungu wake. Wala simtetei anayetoka jela akarudi pale pale alipoanzia, kama Jimmy alivyofanya mara ya kwanza. Lakini kifungo kina mwisho kilichoandikwa na hakimu. Sisi majirani ndio tunaoongeza miaka mingine ambayo hakuna hakimu aliyeitaja: tunamnyima kibarua, tunahamisha kuku anapopita, na tunawaambia watoto wasimwamkie.

Sinema hii bado ipo, na hilo nalo ni bahati. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti mwaka 2013 ulioonyesha kwamba kati ya sinema ndefu bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, zilizosalia katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu. Kisa cha Jimmy kilitengenezwa upya mwaka 1920, na tena mwaka 1928 William Haines akiwa Jimmy na Lionel Barrymore akiwa Doyle, safari hiyo baadhi ya sehemu zikiwa na sauti. Lakini ya Tourneur ndiyo ninayomshauri msomaji aitafute. Atazame kamera ya darini, atazame mawe ya Sing Sing, na hasa atazame vile vidole.

Nilipokuwa nikifunga kompyuta niondoke, Afande aliniita kutoka mlangoni. Akaniambia kwamba mmoja wa wale waliomuuliza waende wapi alimjibu, "Njoo kwangu, kuna ua la kutengeneza." Mtu huyo alilitengeneza ua hilo, na baadaye akatengeneza na mengine mtaani. Nikamuuliza ni nani. Mzee akacheka, akasema kwamba hamkumbuki kwa sura.

Nikaelewa. Za mwizi ni arobaini, na hizo ni zake mwenyewe. Ya arobaini na moja ni yetu.